Strontiamu kwenye sikio la samaki: pale mstari unapopinda ndo penye faida

Kwa watu wanaofuatilia samaki wanaohama kati ya mto na bahari kuna mabishano hayaishi, kila utafiti mpya ukitoka yanaanza upya. Upande mmoja wanakwambia kijiwe cha sikio la samaki kina historia yake yote, unakikata, unakisugua mpaka katikati, unapitisha leza kutoka kiini hadi ukingoni, unapata mstari wa strontiamu (elementi inayofanana na kalsiamu) unaopanda na kushuka, basi umejua aliishi wapi toka anatoka kwenye yai mpaka siku aliyovuliwa. Upande wa pili wanakwambia huo mstari usiuamini, maana strontiamu inayopimwa mle inasukumwa na joto la maji, na hali ya mwili wa samaki, na umri wake, na miamba ya mto anaotoka, kwa hiyo ukisema "alikuwa baharini" umeongeza maneno yako, wewe ulichokiona ni strontiamu kupanda tu.

Mimi nadhani wenye mashaka wana vipimo sahihi kabisa, tatizo langu nao ni hitimisho. Karibu kila walichokisema kimepimwa na kimekutwa kweli, alafu wakatoka pale wakasema njia nzima haifai, na hapo ndo naona kuna kitu hakijaangaliwa vizuri. Ngoja nikieleze taratibu maana kinahitaji hesabu kidogo.

Msingi wenyewe unajulikana sitaurefusha. Samaki wengi wenye mifupa wana jozi tatu za vijiwe ndani ya kichwa vinavyowasaidia kusikia na kujua wamekaa wima au wameinama, vimeundwa kwa kalsiamu kaboneti juu ya utando wa protini, na vinakua kwa kuongeza tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1971 Giorgio Pannella alionyesha kwamba kuna tabaka za siku kwa siku, sio za mwaka tu. Na kitu cha muhimu kuliko vyote ni kwamba kilichokwisha wekwa hakirudishwi mwilini. Magamba samaki akibanwa na njaa anaweza kuyala kwa ndani, kijiwe cha sikio hakiguswi. Strontiamu inafanana na kalsiamu kiasi kwamba inaingia mahali pake kwenye fuwele, na bahari ina strontiamu nyingi kuliko mito mingi, ndo maana watu wanapima uwiano wa strontiamu kwa kalsiamu.

Sasa hesabu. Maji ya bahari yana strontiamu kama miligramu 8 kwa lita na kalsiamu kama miligramu 410 kwa lita, ukihesabu kwa atomi unapata karibu atomi 9 za strontiamu kwa kila atomi 1,000 za kalsiamu. Chukua mto wa kawaida, tuseme kalsiamu ni miligramu 40 kwa lita na strontiamu ni miligramu 0.1, hapo uwiano ni kama 1.1 kwa elfu. Changanya hayo maji, sehemu moja ya bahari na sehemu tisa za mto, yaani maji ambayo chumvi yake ni kama gramu 3.5 kwa kilo, bado yako karibu na maji baridi kuliko bahari. Mtu angetegemea uwiano upande kidogo tu, kwa asilimia 10 ya safari. Haufanyi hivo, unaruka mpaka karibu 5.3. Zaidi ya nusu ya tofauti yote kati ya mto na bahari imeshamalizika kwenye hiyo asilimia 10 ya kwanza! Ukifika asilimia 30 ya maji ya bahari uko kwenye 7.5, nusu kwa nusu uko 8.2, na bahari tupu ni 8.9. Yaani kutoka nusu ya bahari mpaka bahari kamili, safari ndefu kabisa kwa samaki mwenyewe, uwiano unapanda kwa 0.7 tu.

Na huo nilioutumia ni mto wenye kalsiamu ya kutosha. Chukua mto wenye maji laini, kalsiamu miligramu 5 kwa lita, uwiano uleule wa 1.1, weka asilimia 10 ya bahari: unapata karibu 8.2. Umeshafika karibu na bahari na bado hujatoka kwenye maji ya chumvichumvi hafifu kabisa. Sababu ni rahisi, bahari ina strontiamu na kalsiamu nyingi mno kiasi kwamba tone lake linameza kilichokuwemo kwenye mto, kwa hiyo mstari wa uwiano dhidi ya chumvi unapanda wima mwanzoni alafu unalala.

Hiki kitu kimetumiwa miaka mingi kama shitaka dhidi ya njia hii. Wanasema unaona, haipimi chumvi. Ni kweli, haipimi chumvi, na yeyote anayechukua grafu ya strontiamu akaigeuza kuwa grafu ya kiwango cha chumvi, gramu 12 hapa gramu 25 pale, anafanya kosa kubwa na wenye mashaka wana haki yote ya kumkamata. Lakini angalia tena huo mstari. Pale unapopanda wima ni wapi? Ni mpakani kabisa, pale samaki anapotoka maji baridi na kugusa chumvi kwa mara ya kwanza. Kifaa kinachobadilika sana kwa badiliko dogo ndo kifaa tunachokitafuta pale tunapotaka kujua kitu kimetokea au hakijatokea. Kwa hiyo kijiwe cha sikio tukichukulie kama swichi ya taa, imewaka au imezimwa, na kwenye kazi hiyo ni kikali sana. Ule mpindo unaoharibu kipimo cha chumvi ndo huohuo unaotengeneza kigunduzi cha mpaka. Huwezi kuuhesabu kama hasara upande mmoja alafu ukasahau kuuhesabu kama faida upande wa pili.

Na swali la mpaka ndo swali lenye uzito kwenye maisha ya hawa samaki. Je, huyu aliwahi kutoka mtoni? Je, huyu aliwahi kuingia mtoni? Kwenye ujenzi wa bwawa, kwenye kufunga eneo la uvuvi, kwenye kuhesabu wazazi wangapi wanarudi kuzaa, mara nyingi unachohitaji kwanza ni jibu la ndiyo au hapana.

Mfano mzuri kuliko yote ni mikunga wa maji baridi, samaki warefu kama nyoka, hawa wa jenasi ya Anguilla. Kila mtu aliyesoma shule ameambiwa wanazaliwa baharini mbali sana, vifaranga wanakuja pwani, wanapanda mito, wanakulia humo miaka mingi alafu wanarudi baharini kuzaa na kufa. Mwaka 1998 Katsumi Tsukamoto, Izumi Nakai na Friedrich-Wilhelm Tesch walichapisha kwenye jarida la Nature makala fupi sana, walipima strontiamu kwenye vijiwe vya mikunga wa Japani na wa Ulaya waliovuliwa baharini, na wakakuta wamo ambao hawakuonyesha dalili yoyote ya kuwahi kuishi kwenye maji baridi. Mkunga tuliyemwita wa maji baridi kumbe kuna wengine wanamaliza maisha bila kuishi kwenye maji baridi. Mwaka 2001 Tsukamoto na Takaomi Arai wakaenda mbali zaidi wakawagawa mikunga wa Japani makundi matatu, wa mtoni, wa mlango wa mto, na wa baharini, na wakasema kuingia mtoni ni hiari kwa huyu samaki, halazimiki.

Fikiria sasa ungelijuaje hilo kwa njia nyingine. Kifaranga wa mkunga anayefika pwani ana sentimita kama 6 na ni mwembamba hata unaona ndani, huwezi kumfunga kifaa cha kutuma mawimbi ukamfuata miaka 10. Ukimkamata mkubwa ukamfunga kifaa utajua anakwenda wapi kuanzia siku hiyo, lakini alikotoka hujui. Na kitu unachotaka kuthibitisha hapa ni kwamba jambo HALIJAWAHI kutokea, katika maisha yote, kitu ambacho kifaa cha kufungwa mgongoni hakiwezi kukithibitisha hata kidogo maana kinaanza katikati ya hadithi. Kijiwe kinasoma kurudi nyuma, kutoka kifo mpaka kuzaliwa, na kila mkunga anacho, hachaguliwi kwa ukubwa wala kwa bei ya kifaa.

Na hili lina matokeo makubwa. Mkunga wa Ulaya amewekwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kwenye kundi la walio hatarini zaidi kutoweka toka 2008, vifaranga wanaofika pwani wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90 ukilinganisha na kabla ya miaka ya 1980. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2007 inazitaka nchi wanachama ziruhusu angalau asilimia 40 ya uzito wa mikunga wakubwa waende baharini kuzaa, ukilinganisha na kiasi ambacho kingekuwepo bila athari za binadamu. Sasa asilimia 40 ya nini? Ukihesabu mikunga wa mitoni tu, na kumbe sehemu ya wazazi wamekulia kwenye mlango wa mto na pwani, hesabu yako ya wanaokwenda kuzaa na ile ya ambao wangekuwepo zote zina shida. Huenda pwani inabeba wazazi wengi kuliko tunavyodhani na tunaiacha ivuliwe bila kuwafikiria, au huenda tunamwaga nguvu zote kwenye kuondoa vizuizi vya mito wakati hatari nyingine iko mlangoni kwenye maji ya chumvichumvi. Mimi hili ndo jambo linanisumbua kuliko yote. Kundi ambalo hujui lipo huwezi kulilinda, na hili kundi tulilijua kwa sababu mtu alipima kijiwe cha sikio.

Haya, turudi kwa wenye mashaka maana wana hoja nzito na sitaki kuzipita juujuu.

Hoja ya kwanza ni mwili wa samaki wenyewe. Strontiamu haitoki kwenye maji ikaingia kwenye kijiwe moja kwa moja, inapita kwenye matamvua au utumbo, inaingia kwenye damu, inavuka tena kuingia kwenye majimaji ya sikio la ndani, ndo inafika kwenye fuwele, na kila hatua mwili unachuja. Anna Sturrock na wenzake walifuatilia samaki wabapa wa Ulaya wanaoitwa plaice, wakachukua damu yao kwa muda mrefu, wakaonyesha kwamba strontiamu inayumba na hali ya mwili ikiwemo kujiandaa kuzaa, wakati maji yenyewe hayajabadilika kwa kiwango hicho. Joto nalo ni hivohivo, kuna spishi joto likipanda uwiano unapanda, nyingine unashuka, nyingine haustuki.

Na mkunga mwenyewe anatoa mfano mkali zaidi. Akiwa lava bado, yule mwenye umbo la jani anayeelea baharini, uwiano wa strontiamu kwenye kijiwe unapanda mpaka juu sana, alafu anapobadilika kuwa kifaranga uwiano unaanguka kwa kishindo, na anabadilika akiwa bado baharini! Lava ana mwili wa jeli unaoshika strontiamu, mwili ukibadilika strontiamu inakwenda nayo. Mtu asiyejua hilo akisoma grafu atasema hapa ndo aliingia mtoni. Hii ni hoja halali na jibu lake lipo, watafiti wa mikunga wanaruka sehemu hiyo yote, wanaanza kusoma baada ya alama inayojengeka kifaranga anapofika pwani. Lakini lipo kwa sababu kuna watu walihoji, hilo lazima tulikubali.

Ila tupime ukubwa. Kuyumba kwa mwili na joto kwa samaki aliyekwisha kukua mara nyingi ni sehemu tu ya thamani, wakati kuvuka kutoka mtoni kuingia kwenye chumvi, kwenye mto ule wa mfano wangu, kunazidisha uwiano wa maji karibu mara 5 kwa asilimia 10 tu ya bahari. Kelele ya mwili inaweza kuzima kabisa tofauti ya 8.2 na 8.9. Haiwezi kuzima tofauti ya 1.1 na 5.3. Kwa hiyo hoja hii inaua usomaji wa upande wa bahari wa ule mstari, haiui usomaji wa mpakani, na sioni kwa nini zote mbili zinazikwa kaburi moja.

Angalia hata mipaka ile ya Tsukamoto na Arai: kwenye kijiwe, ambacho namba zake hazilingani moja kwa moja na zile za maji, chini ya 2.5 kwa elfu ni mkunga wa mtoni, kuanzia 6.0 ni wa baharini, katikati ni wa mlango wa mto. Ukiniuliza mimi hiyo mipaka miwili haina nguvu sawa hata kidogo. Ule wa 2.5 umekaa kwenye sehemu ya mstari inayopanda wima, unasimama. Ule wa 6.0 umekaa pale mstari umeshalala, na mkunga anayeishi mlangoni kwenye maji yenye nusu ya bahari na yule wa bahari tupu wanaweza kupishana kwa tofauti ndogo kuliko inayoletwa na joto. Kwa hiyo mtu akiniambia asilimia kadhaa ni wa mtoni namsikiliza, akiniambia asilimia kadhaa ni wa mlangoni na kadhaa wa bahari kamili namuuliza ana ushahidi gani wa ziada.

Hoja ya pili ni miamba, na hii ndo ninayoiheshimu kuliko zote. Hesabu zangu zote hapo juu zimesimama juu ya mto wenye uwiano wa 1.1. Lakini mito haifanani. Mto unaopita kwenye miamba yenye strontiamu nyingi unaweza kuwa na uwiano unaokaribia wa bahari na ipo mito imepimwa ikakutwa na uwiano unaouzidi, Richard Kraus na David Secor waliliandika hili mwaka 2004. Kwenye mto wa namna hiyo swichi haifanyi kazi, au inafanya kinyume, samaki anaingia baharini na strontiamu inashuka. Mwaka 2012 ukatoka utafiti juu ya mikunga wa Afrika, Anguilla mossambica na Anguilla marmorata, na walichokuta ni kwamba uwiano kwenye vijiwe unatofautiana mkoa kwa mkoa kiasi cha kuiweka hii njia ya kawaida kwenye mashaka. Yaani ukibeba ule mpaka wa 2.5 uliotengenezwa Japani ukaupeleka kwenye mto mwingine wowote duniani bila kuuliza, unaweza kumwita mkunga wa mtoni kuwa ni wa mlangoni na huku hajawahi kuonja chumvi toka aingie.

Sasa hapa nakubaliana na wenye mashaka moja kwa moja: utafiti ambao haukupima maji ya mto wenyewe usitoe hitimisho la uhamaji. Chupa ya maji, kutoka sehemu za juu za mto mpaka mlangoni, misimu zaidi ya mmoja maana mafuriko yanabadilisha kemia ya mto. Ni kazi rahisi ukilinganisha na leza na mashine ya kupima atomi, na ajabu ni kwamba mara nyingi ndo inayorukwa. Lakini ukishapima maji hoja ya miamba inageuka kuwa taarifa, maana sasa unajua kwenye mto huu swichi ipo au haipo, na kama ipo imekaa kwenye namba gani. Kama haipo unatafuta kitu kingine cha kupima.

Na vitu vingine vipo. Bariamu inakwenda kinyume cha strontiamu, ni nyingi kwenye maji baridi na inapanda zaidi kwenye mlango wa mto kwa sababu matope ya mto yakikutana na chumvi yanaiachia, alafu baharini inakuwa kidogo sana. Ukiona strontiamu imepanda na bariamu bado iko juu, una sababu ya kudhani samaki yuko mlangoni bado, strontiamu ikiwa juu na bariamu ikiwa chini una sababu ya kudhani ametoka nje. David Milton na Simon Chenery walitumia kemia ya vijiwe vya sikio mwaka 2003 kufuatilia samaki hilsa anayepanda mito ya Asia ya kusini kuzaa. Bariamu ina shida zake, kwenye bahari zile ambazo maji ya chini yanapanda juu inaweza kuongezeka bila mto wowote, lakini mistari miwili inayosema kitu kimoja ni tofauti na mstari mmoja.

Isotopu za strontiamu, yaani atomi zake zenye uzito tofauti, nazo watu wanazitaja kama mkombozi, uwiano wa strontiamu 87 kwa 86, kwa sababu bahari zote duniani zina thamani moja, 0.7092, na kila mto unabeba thamani ya miamba yake, miamba ya kale ya itale inatoa namba za juu, ya volkano changa inatoa za chini. Na faida kubwa ni kwamba joto na mwili wa samaki haviigusi namba hii kwa kiwango cha kusumbua, kilichopo kwenye maji ndo kinachoonekana kwenye kijiwe. Hapo hoja ya kwanza ya wenye mashaka inakufa kabisa. Ila ule mpindo unakuwa mkali zaidi: bahari ina miligramu 8 na mto una 0.1, kwa hiyo ukiweka asilimia 1 tu ya bahari, karibu nusu ya strontiamu yote kwenye maji hayo imeshatoka baharini, na kwenye asilimia 10 ni karibu tisa ya kumi. Kwa hiyo kwenye maji ya chumvichumvi isotopu ni kipofu kuliko hata uwiano wa kawaida, na kwenye maji baridi ndani ya bonde moja la mto, kutofautisha kijito na kijito, hakuna kinachoikaribia.

Kule Amazon kuna kambare mkubwa anaitwa dourada, Brachyplatystoma rousseauxii, anazaliwa karibu na milima ya Andes, anashuka mpaka mlango wa Amazon kukulia, alafu anarudi juu kuzaa, safari nzima inapita kilomita 11,000. Kikundi cha Fabrice Duponchelle mwaka 2016 walisoma isotopu kwenye vijiwe vya sikio wakaonyesha kwamba wengi wa waliovuliwa kwenye mto Madeira sehemu za juu walikuwa wamezaliwa kulekule, wakashuka, na wakarudi kwenye mto uleule waliozaliwa. Na Madeira ndo mto uliojengwa mabwawa ya Santo Antônio na Jirau. Kama kila kundi linarudi mto wake, basi ukiufunga Madeira huwezi kusema samaki watakwenda kuzaa tawi lingine la Amazon, waliozaliwa pale wanarudi pale. Ungejenga hoja hiyo vipi kwa vifaa vya mawimbi, kwenye mto wa ukubwa ule, kwa samaki ambaye unatakiwa umfuate toka akiwa kifaranga?

Hoja ya tatu ni ya muda, nitaigusa kwa kifupi. Leza inachoma kidoa cha maikroni 20 mpaka 50 hivi (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na samaki mzee anayekua polepole kidoa hicho kinaweza kubeba wiki au miezi. Pia mwili unachukua siku mpaka wiki kadhaa kuonyesha badiliko kamili. Kwa hiyo samaki aliyechungulia mlangoni siku mbili akarudi mtoni hataonekana. Ni kweli na halina ubishi, kwa safari fupi kifaa cha mawimbi ni bora kuliko kijiwe, na ndo maana mimi ningependa kuona samaki walewale waliofungwa vifaa, wakivuliwa baadaye, vijiwe vyao vipimwe pia. Pale unapata tarehe na mahali kwenye sehemu ya mwisho ya maisha na unaweza kuilinganisha na mstari.

Inabaki ile hoja ambayo wengine hawaisemi kwa sauti: kusoma kijiwe lazima samaki afe. Kwa spishi inayokaribia kutoweka hilo ni zito kweli, na sina jibu la kuliondoa. Lakini kuna kitu kinachosahaulika hapa. Taasisi za uvuvi duniani zimekuwa zikikusanya vijiwe vya sikio kwa miongo mingi ili kujua umri wa samaki, mamia ya maelfu kila mwaka, na vingi vimehifadhiwa kwenye bahasha na droo vikiwa vikavu. Samaki hao walishakufa zamani. Wapo waliovuliwa kabla mto wao haujawekewa bwawa, wapo waliovuliwa wakati vifaranga wa mkunga bado wanakuja kwa wingi, na kemia yao iko palepale kwa kuwa kijiwe hakirudishi kilichowekwa.

Shida ni kwamba maji ya miaka hiyo hakuna aliyeyaweka kwenye chupa, na uwiano wa strontiamu kwa kalsiamu wa mto unaweza kuwa umebadilika na mbolea, na umwagiliaji, na bwawa lenyewe. Isotopu ina nafasi nzuri zaidi hapo maana inafuata miamba, na miamba ya bonde haijabadilika kwa miaka 50 hata kama mchango wa kila kijito umebadilika kidogo. Kwa vijiwe vya zamani ningeanza na isotopu kwenye maji baridi na kuacha uwiano uniambie kitu kimoja tu, aligusa chumvi au hakugusa, na kwa kila mto mpya ningeanza na chupa za maji kabla hata ya kuwasha leza.